Kutembea Mtoni na Watoto Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Wazazi wa Moshi

Juni ikiingia, Moshi hubadilika. Wingu zito hutanda tangu alfajiri, Mlima Kilimanjaro hauonekani mpaka mchana au jioni, na watoto huvaa masweta ya shule hata siku za likizo. Wazazi wengi tunawafungia ndani mbele ya televisheni tukisubiri jua lirudi. Kwa maoni yangu tunawanyima msimu mzuri kuliko yote. Kuanzia Juni hadi Agosti masika imekwisha lakini mito bado ina maji mengi, maporomoko yana nguvu, tope la njiani limeanza kushika, na jua halichomi. Mtoto anayelia kuchoka Februari baada ya nusu saa, Julai anaweza kutembea asubuhi nzima akiimba.

Sharti ni moja, na karibu kila kitu kilichomo humu kinatokana nalo: mtoto abaki mkavu. Baridi ya kwetu peke yake haimshindi mtoto aliyevaa vizuri na ambaye miguu yake inatembea. Inamshinda pale inapomkuta amelowa, amesimama, na upepo unavuma.

Kwanza, chagua njia kwa miguu ya mdogo wenu

Msipange safari kwa kumwangalia kaka mkubwa wa miaka 12. Mwangalieni mdogo kuliko wote, kisha tafuteni njia inayomfaa yeye.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, anza na msitu wa Rau, pembeni kabisa ya mji. Ni tambarare, hakuna kupanda, na njia zinapita chini ya mivule mikubwa ambayo mtoto hawezi kuona kilele chake bila kupinda shingo. Mbega wapo, na hondohondo husikika kabla hawajaonekana. Kwa kuwa Rau iko chini, baridi yake ni ndogo kuliko ya vijijini juu. Shida yake ni tope na mbu, hivyo mikono mirefu na dawa ya kupaka ni lazima.

Kwa miaka 5 hadi 8, nenda Marangu. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni, mwendo mfupi tu, na mnashuka kwa ngazi hadi yanapoonekana vizuri. Hapo mtoto anapata mto, sauti ya maji na mgomba wa kujikinga, bila saa nyingi za kutembea. Ndoro na Kilasiya nazo ziko Marangu, lakini Kilasiya inashuka korongoni, na kinachoshuka kitapandwa wakati wa kurudi, mtoto akiwa tayari amechoka.

Materuni, kule Uru, iache kwa watoto wa miaka 7 na kuendelea, au kwa mdogo ambaye mmekubaliana kabisa kwamba atabebwa. Maporomoko yake yana urefu wa mita 80 hivi, na nadhani hakuna mtoto wa Moshi anayepaswa kumaliza shule ya msingi bila kusimama chini yake. Mtu mzima hutembea kutoka kijijini hadi pale kwa dakika 45 hadi saa moja. Ukiwa na watoto, hesabu mara mbili, kisha ongeza muda wa kula na wa kuangalia kinyonga.

Kumbuka pia kimo. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Ukipanda mita 700 tu umeshapoteza nyuzi 4, kabla hujahesabu upepo na manyunyu ya maporomoko. Usimvike mtoto kwa baridi ya sebuleni kwako.

Mwangalie mtoto siku moja kabla

Jirani atakuambia, "Mama, hao watapata nimonia huko." Nimonia huletwa na vimelea, haiji kwa sababu mtoto amepita kwenye hewa ya baridi. Lakini mtoto ambaye tayari ana homa, anakohoa au anahema haraka, abaki nyumbani. Safari itamsubiri.

Makundi mawili yanahitaji uangalifu zaidi. Mwenye pumu anaweza kubanwa na hewa baridi, kwa hiyo dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwa mtu mzima anayetembea naye, isiachwe kwenye gari. Mwenye seli mundu ni jambo zito zaidi, kwa sababu baridi, kulowa na kukosa maji ya kunywa ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali. Ongea kwanza na kliniki yake. Wakikuruhusu, chagua Rau, siku kavu, na mnyweshe maji hata kama hajaomba.

Kisha mwambie mtu mmoja anayebaki mjini mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Jaza simu chaji, na weka namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Pia mpigie mtu wa kule juu umuulize kama usiku kulinyesha. Mvua ya Uru huwezi kuiona ukiwa Majengo, huku mjini.

Nguo: hapa ndipo safari inaposhindwa au kufaulu

Mvike tabaka tatu, na kila tabaka lina kazi yake.

La ndani lisiwe fulana ya pamba. Pamba ikilowa jasho hushika maji na kumgandia mtoto mwilini, na akisimama tu anaanza kutetemeka. Kitu bora kuliko vyote tayari kipo nyumbani: jezi ya mpira. Kitambaa chake hukauka haraka, na mtoto ataivaa kwa furaha. Juu ya jezi weka sweta la sufu au lile la manyoya laini. La tatu ni koti la mvua linalozuia upepo pia.

Makoti haya yapo kwa wingi kwenye mitumba ya soko la Memorial, na nakushauri uende mapema Juni kabla wenzako hawajaamka. Lijaribu kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji umwagie tone la maji begani: yakitiririka, nunua, yakinywewa na kitambaa, liache hata kama lina rangi nzuri. Kagua zipu na kofia yake. Nunua linalozidi kidogo, maana litavaliwa juu ya sweta.

Suruali ya jinsi usiiguse. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki mpaka kesho. Traksuti inatosha, na chini iingizwe ndani ya soksi, kwa sababu siafu wanapenda njia hizi baada ya mvua kama wewe unavyozipenda. Mkipita msururu wao, mnyanyue mtoto na mvuke haraka. Msisimame kuwashangaa.

Kichwani mzula, unaofunika masikio. Miguuni raba zenye meno. Gambuti zinafaa kwa tope la Rau, ila kwenye mawe ya Materuni zinateleza, na maji yakiingia hayatoki. Ndala na yeboyebo hazitembei njia hii. Ziweke zimsubiri kwenye gari.

Halafu kuna mfuko ambao wazazi wengi wanausahau: seti nzima ya nguo kavu kwa kila mtoto, pamoja na soksi pea mbili, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Mfuko huu mnakwenda nao mtoni. Ukiuacha kwenye gari, mtoto atakayetumbukia mguu atatembea saa nzima amelowa kabla hajaufikia. Ongeza kanga mbili. Kanga ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni shuka, na ni mbeleko.

Chakula na chai

Mwili unaopigana na baridi unachoma chakula haraka. Usisubiri mlo mmoja mkubwa. Mpe mtoto kitu kidogo kila mnapopumzika: ndizi mbivu, karanga, yai la kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu, chapati iliyokunjwa. Chupa ya chai iwe na chai ya rangi ya tangawizi yenye sukari ya kutosha, isiwe ya moto wa kuunguza. Maji ya kunywa yabebwe pia, kwa sababu wakati wa baridi watoto hawasikii kiu na hawaombi.

Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ubaki kwenye hotipoti ndani ya gari. Ni mzito kubeba, na utakuwa mtamu zaidi mkirudi.

Maji ya mto na ya mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, msinywe, hata yakionekana maangavu. Juu yenu kuna nyumba, mifugo na mashamba.

Siku yenyewe, usikimbilie alfajiri

Watu hushauri kuondoka gizani. Kwa wapanda mlima sawa, kwa watoto wakati wa kipupwe hapana. Asubuhi na mapema majani yamejaa umande, njia ya migombani inalowesha suruali hadi magotini, na mtoto anaanza safari akiwa tayari amepata baridi. Anzeni kutembea saa 3 na nusu au saa 4. Mgeuke saa 8 mchana hata kama hamjafika, na muwe kwenye gari kabla ya saa 10. Mwezi Julai jua huzama saa 12 na nusu jioni hivi, na ndani ya korongo giza hutangulia.

Saa hiyo ya kugeuka watangazie watoto mapema, wakiwa bado wana furaha. Mtoto aliyeambiwa asubuhi hubishana kidogo kuliko anayeambiwa akiwa hatua chache kutoka kwenye maporomoko.

Usiwapakie watatu kwenye bodaboda kwenda juu. Chukueni daladala, au changeni familia mbili mkodi Noah, na mwulizeni dereva hali ya barabara kabla ya kupatana bei. Mkifika kijijini lipeni kiingilio panapohusika na mchukue kijana wa pale awaongoze. Anajua jiwe lipi linateleza na kijito kipi kimejaa tangu jana, na hela inabaki kijijini. Watoto wawaamkie wazee mnaokutana nao, maana njia nyingi za huku zinapita katikati ya vihamba vya watu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao. "Shikamoo bibi" moja hufungua uso, na mara nyingi hufungua mazungumzo ambayo watoto watayakumbuka kuliko maporomoko yenyewe.

Mwendo, na mtoto wa mgongoni

Mtoto mdogo atangulie mbele, mtu mzima mmoja nyuma yake na mwingine mwisho kabisa. Mwendo ni wake. Mkimwacha nyuma atakimbia kuwafikia, atatoka jasho, na jasho ni maji kama maji mengine. Ukiona amechemka, mvue sweta, abaki na jezi na koti lililofunguliwa. Mkisimama kupumzika, mvalishe tena kabla hajasema anasikia baridi. Kuvaa na kuvua huku ni kazi ya mzazi siku nzima, na ndiyo inayomfanya mtoto afike mkavu.

Mpe kazi njiani. Ahesabu masale, mimea yenye majani marefu, kwenye mipaka ya vihamba, na umweleze kwamba Wachaga hutumia jani hilo pia kuombea msamaha. Atafute kinyonga, mlima huu una wenye pembe mbili puani, na wanaangaliwa tu, hawashikwi. Kuanzia Julai kahawa huanza kuiva, tunda jekundu lililobanana na mengine kwenye tawi, nalo ni mali ya mtu, halichumwi. Mtakapotembea kando ya mfongo, mwambie kwamba mifereji hii ilichimbwa na mababu, na kwamba wageni wa Ulaya waliofika karne ya 19 waliikuta ikimwagilia mashamba. Asibomoe kingo zake wala kutupa kitu ndani. Kuna mtu chini huko anayasubiri maji hayo.

Sasa mbeleko. Wengi wetu tunaona mtoto aliye mgongoni yuko salama zaidi, na kweli haanguki. Lakini hatembei, kwa hiyo mwili wake hautengenezi joto kama la wenzake. Wewe unapanda, unatoka jasho, unajihisi unaungua, na unadhani naye yuko hivyo. Kumbe miguu yake inaning'inia kwenye upepo, na akilala ndiyo hali inazidi. Mvike tabaka moja zaidi ya anayetembea, soksi mbili, na mzula. Kila nusu saa mshike shingo kwa nyuma, chini ya kola. Mikono na pua hupoa upesi kwa mtoto yeyote, lakini shingo ikiwa ya baridi, simameni mara moja mmpashe joto. Na mgongo wako ukilowa jasho, weka kanga kavu kati yako na kifua chake.

Kwenye mteremko unaoteleza, anayebeba awe na fimbo, na asishike kitu kingine mikononi. Mizigo abebe mwingine.

Mkifika mtoni

Kabla ya kuusogelea mto, gawaneni watoto kwa majina. Kila mtoto wa chini ya miaka 6 apate mtu mzima wake, awe umbali wa mkono mmoja. Wakubwa wawili wanaweza kuangaliwa na mmoja. Anayepiga picha hahesabiwi kuwa mwangalizi. Apige, aweke simu mfukoni, kisha arudi zamu.

Mawe yenye utando wa kijani hayapandwi na mtu yeyote, mtoto wala baba. Kuvuka kijito ni pale tu chini panapoonekana na maji hayafiki magoti ya mtoto, akiwa ameshikwa. Yakifika, abebwe au mgeuke.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba mto wa mlimani unaweza kujaa bila tone la mvua kuwaangukia. Mvua inanyesha msituni juu, nanyi mko kwenye jua. Angalia rangi: maji yaliyokuwa maangavu yakianza kuwa ya kahawia, toka. Majani na vijiti vikianza kuja kwa wingi, toka. Mngurumo ukiongezeka, au jiwe lililokuwa kavu likianza kulowa, toka, na panda juu ya ukingo badala ya kukimbia kufuata mto. Wafundishe watoto dalili hizi. Wana macho mazuri na watajivunia kuwa wa kwanza kuziona.

Kule Materuni, chini ya maporomoko kuna upepo na manyunyu yasiyokoma. Mvalishe koti la mvua na kofia yake kabla ya kona ya mwisho, kwa sababu ukisubiri mpaka uone maji, sweta limeshalowa. Furahini pale dakika 15 au 20, kisha rudini nyuma mpaka pasipofikiwa na manyunyu, ndipo mkae na kula.

Kuogelea? Wapo wazazi wanaoruhusu. Mimi kwa miezi hii nasema hapana kwa watoto. Maji yanatoka mlimani, yanaumiza mifupa, na mtoto akitoka hapo ana saa moja ya njia mbele yake. Mwacheni aguse kwa mkono na arushe mawe. Na huko chini, tambarare, kuna sababu nyingine ya kukataa: maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho.

Ukiona dalili za kushindwa na baridi

Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kununa ghafla, na kukataa kutembea. Wazazi huzichukulia kama ukaidi na kumgombeza. Usimgombeze. Mguse shingo, kagua nguo.

Akianza kujikwaa, kuongea kwa kuvuta maneno, kuangusha vitu au kusinzia, hiyo ni hatari. Mtoto aliyekuwa akitetemeka akaacha wakati bado ni wa baridi yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Usidhani amepata nafuu.

Mtoe kwenye upepo. Mvue vyote vilivyolowa, mkaushe kwa kanga, mvalishe seti kavu na mzula. Mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, chini ya koti lako, na mfunike na kanga iliyobaki. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe chai tamu kwa mafunda madogo madogo. Usimsugue mikono na miguu, na usimsogeze karibu na moto mkali. Akiwa amelegea au hajibu vizuri, mbebeni kwa utulivu hadi kwenye gari na muende moja kwa moja hospitali. Mkiwa upande wa Moshi, KCMC na Mawenzi zote zipo mjini.

Mkirudi

Kwenye gari, kabla injini haijawashwa, kila mtoto avae soksi kavu na ndala zake. Hapo ndipo mtori unapofunguliwa.

Nyumbani wakagueni watoto kupe, nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Raba zisuguliwe tope na zijazwe magazeti, kisha zikae mbali na jiko ili gundi isiachie. Koti la mvua lining'inizwe likauke kabisa kabla ya kukunjwa. Likikunjwa likiwa bichi litaota ukungu na safari ijayo halitazuia kitu.

Usiku huo huo, mkiwa bado mnakumbuka, angalieni soksi za mdogo wenu. Kama zilirudi kavu na alimaliza Rau kwa miguu yake, mko tayari kwa Kinukamori. Kama zililowa, rudini Rau mara nyingine kabla ya kupanda, na mtafutieni kwanza viatu vingine.